Kona ya Maneno: Hivi "mango" ni jina la muuza watumwa?

SWALI: Shikamoo mwalimu wa Kona ya Maneno. Mie ni msomaji wako wa Ujiji, nauza matunda na juisi, jarida huwa naletewa na mdogo wangu akitoka Kigoma mjini. Juzi tumebishana sana hapa kwenye meza yangu nikaona bora nikuandikie. Kuna kijana yuko chuo, kaja likizo, kanikuta namenya embe akaniuliza dada unajua Wazungu kwa nini hili tunda wanaliita mango, nikamwambia sijui, akasema hicho ni Kilatini, mango maana yake mfanyabiashara wa watumwa, na ndo maana miembe ikapandwa njia nzima ya watumwa toka Bagamoyo, Tabora, mpaka hapa kwetu. Nikambishia. Akatoa simu akatuonyesha kamusi na kweli imeandikwa vilevile alivyosema. Kuna mzee mmoja mteja wangu wa siku nyingi, akarudisha kipande alichokuwa ameshika, akasema kama jina lenyewe ndo hilo basi yeye hali tena. Roho iliniuma mwalimu, manake hii miembe ndo imenilea mie na wanangu. Naomba utuambie ni kweli au sio kweli, na kama sio kweli hilo neno limetoka wapi, usitufiche kitu. – Muuza matunda, Ujiji.

JIBU: Marahaba dada, na pole kwa siku hiyo. Barua yako nimeisoma mara tatu, nikaiweka mbele ya zote zilizokuja mwezi huu, kwa sababu hapa kuna mtu kaacha kula embe kwa ajili ya neno, hilo sio jambo dogo.

Nianze na kijana, manake nisije nikamwonea. Kamusi hakuitunga yeye. Kilatini kweli kina neno mango na kweli lilikuwa na maana hiyo. Mango kwa Warumi alikuwa mchuuzi anayepamba bidhaa yake ionekane nzuri kuliko ilivyo, na bidhaa yenyewe mara nyingi ilikuwa binadamu, watu wanaopelekwa sokoni kuuzwa. Neno baya, halina utetezi. Na halikufa pia, makabila ya kaskazini ya Ulaya yaliyokuwa yanauziana vitu na Warumi yalilichukua, likabaki na maana ya mfanyabiashara tu, yule wa watumwa akatoka ndani yake. Kiingereza cha kale kilikuwa na mangere, mtu wa kuuza na kununua, na huyo mangere ndo leo Waingereza wanamwita monger. Mtamsikia kwenye fishmonger, muuza samaki, na kwenye ironmonger, muuza vyombo vya chuma, na zamani kule London muuza matunda wa mkokoteni aliitwa costermonger. Kwahiyo ukimtafuta mtoto wa mango wa Kilatini ndani ya Kiingereza utampata, ila anaitwa monger, na tunda halimo kabisa kwenye familia hiyo.

Sasa kosa la kijana liko wapi. Kaona maneno mawili yamefanana sura akayafanya ndugu. Dada wewe uko Ujiji, watu wanashuka hapo kutoka Burundi, Congo, Tabora, Rukwa, kila siku unaona mtu kafanana na mjomba wako mpaka unataka kumsalimia kwa jina, lakini huwezi kumpa urithi wa mjomba kwa ajili ya pua, lazima umuulize kwenu wapi, baba yako nani, bibi yako alitokea kijiji gani. Neno nalo linaulizwa hivyohivyo. Ulitoka kinywa cha nani, ukabebwa na nani, ukapita bandari ipi, ulipofika ulikuta kitu chenyewe kipo au ulikuja nacho? Neno lisilokuwa na njia ya kufika halina undugu hata kama herufi zote zinafanana.

Na sauti hii ya man-ga, man-go ni ya kupotosha kweli, iko kila mahali. Kireno kina manga maana yake mkono wa shati, hilo limetoka kwenye Kilatini manica, na Kireno hichohicho kina manga ya tunda, yameandikwa sawasawa herufi kwa herufi na hayahusiani hata kidogo. Wajapani wana manga, vitabu vya hadithi za picha. Na sisi wenyewe tuna Manga! Pilipili manga, njiwa manga, komamanga, na wazee wa Tabora wanakumbuka vizuri walioitwa Wamanga. Hiyo Manga yetu ni Uarabuni, upande wa Oman hasa. Nimeshakutana na mtu anasema mango imetoka kwenye Manga kwa kuwa Wamanga ndo walileta miembe bara, ameipanga vizuri inaingia akilini, na haina ukweli. Ukitaka mfano wa kwa nini sauti peke yake sio ushahidi, huhitaji kwenda mbali.

Haya, tunda lenyewe. Swali la kwanza, Warumi walikuwa nalo? Mwembe ni mti wa Asia ya kusini, pande za India na Burma, haustahimili baridi ya Ulaya, na jina la kitaalamu ulilopewa na Linnaeus, mtaalamu wa mimea, mwaka 1753, Mangifera indica, maana yake ni mti wa India unaozaa mango. Mfanyabiashara wa watumwa wa Roma aliishi na jina lake miaka zaidi ya elfu moja kabla Wazungu hawajaanza kuliita tunda hili hivyo. Jina la tunda lilikuwa linakua kwenye bara jingine kabisa, kwenye vinywa vya watu wengine.

Vinywa hivyo ni vya India ya kusini, na hapa naomba mnivumilie manake ndo sehemu ninayoipenda. Kitamil mwembe unaitwa maa. Alafu wana neno kaay, maana yake tunda ambalo bado halijaiva, na wana neno pazham, tunda lililoiva. Embe bichi ni maangkaay, embe bivu ni maampazham. Majina mawili tofauti kwa tunda moja kufuatana na umri wake, na sisi hilo halitushangazi, mbona tuna kitale, dafu, nazi, hakuna mtu wa Pwani anayekwenda kukuna dafu. Sasa hilo maangkaay, la bichi, ndo ndugu wa maanga ya Kimalayalam, lugha ya jirani inayozungumzwa pwani ya Malabar, pale kwenye bandari za Calicut na Cochin.

Mwaka 1498 meli za Vasco da Gama zikafika Calicut, na kumbuka zilipitia kwetu huku, Malindi, wakapewa na rubani wa kuwavusha bahari. Wareno wakakaa Malabar, wakanunua pilipili, wakala embe, wakalichukua jina kama walivyolisikia pale: manga. Wamalay nao wanasema mangga, jina lilishavuka kwenda mashariki. Mwaka 1563 daktari mmoja Mreno, Garcia de Orta, alichapisha kitabu kule Goa kuhusu dawa na mimea ya India na manga zimo. Waingereza wakalipokea kutoka kwa Wareno mwishoni mwa karne ya 16, wakaliishia na o. Kitamil na Kimalayalam, Kireno, Kiingereza. Njia ndo hiyo nzima, kila kituo kina watu na meli na bandari, na Kilatini hakina kituo hata kimoja humo.

Lakini subiri dada, kuna kitu hapo kitakufurahisha wewe muuza matunda. Embe bivu halisafiri. Wewe unajua, sado moja ya embe zilizoiva ukiipakia treni jioni Tabora, asubuhi ikifika Kigoma ushaanza kuchagua za kutupa, sasa fikiria meli ya tanga kutoka India miezi na miezi kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema. Zilizofika Uingereza zilifika zikiwa achari. Embe bichi, limepasuliwa, limetiwa chumvi na viungo, kwenye siki. Kwa hiyo Mwingereza wa kawaida wa karne ya 17 alipoonja mango kwa mara ya kwanza hakuonja tamu, alionja kali, na akadhani mango ndo ile namna ya kutia kitu kwenye siki! Wakaanza kufanya mango ya vitu vingine. John Evelyn ana kitabu chake cha saladi cha mwaka 1699, ndani yake kuna maelekezo ya kutengeneza mango ya matango, yaani achari ya matango tu, embe halimo. Na kule Marekani, majimbo kama Ohio na Indiana, watu walijaza kabichi kwenye pilipili hoho wakazitia kwenye siki wakaziita mango, mpaka jina likahamia kwenye hoho zenyewe, wapo wazee kule wakisema mango wanamaanisha pilipili hoho mbichi.

Sasa rudi kwenye kaay. Neno lilipotoka Malabar lilikuwa limebeba ubichi ndani yake, na lilipofika Uingereza, miaka mingi baadaye, kwa watu wasiojua neno moja la Kitamil, kitu kilichokuwa kwenye chupa kilikuwa embe bichi vilevile. Hakuna aliyepanga. Mie kila nikimwona mtoto wa shule amenunua embe bichi, imechanjwa ikawa kama ua, chumvi na pilipili ya unga imeingia kwenye mifereji, anakunja uso huku anatafuna, huwa nasema hiyo ndo maana ya mango, hapo neno liko kwao.

Sasa na sisi mbona tunasema embe? Hapa ndo jibu la mzee wako lilipo, mwite aje asikie.

Embe halikupita kwa Wareno. India ya kaskazini wana lugha nyingine, ukoo tofauti kabisa na Kitamil. Kisanskriti, lugha yao ya kale, kiliita tunda hili amra, likazaa aam ya Kihindi na aamba ya Kimarathi, Waajemi na Waarabu wakalichukua kwa sauti ya amba, anba, na watu wa Ghuba wakaliita hivyo, wakalileta pwani yetu likawa embe, mti ukawa mwembe. Na lilifika mapema sana. Ibn Battuta, yule msafiri wa Morocco, alitua Mogadishu kama mwaka 1331 hivi akiwa njiani kuja Mombasa na Kilwa, akakaribishwa wali na vitoweo, na kati ya alivyowekewa kulikuwa na anba, akaeleza kwamba linafanana na tofaa ila lina kokwa, likiiva ni tamu sana linaliwa kama tunda na likiwa bado ni kali kama limau wanalitia kwenye siki. Miaka kama 170 kabla Mreno hajaonekana! Achari ya embe ilikuwa mezani pwani ya Afrika Mashariki wakati Uingereza hawajui hata kokwa lake.

Na Kisanskriti ni ndugu wa mbali wa Kiingereza, wataalamu wa lugha waliuonyesha ukoo huo tangu mwisho wa karne ya 18. Kitamil sio. Kwahiyo Mwingereza anatumia neno la watu wasio wa ukoo wake, na sisi Waswahili ndo tunaotumia neno lililopitia ukoo wake yeye. Nimelifikiria hilo mara nyingi nikiwa kwenye basi na bado linanishangaza.

Kutoka pwani embe likapanda bara karne ya 19 na misafara, kilomita kama 1,200 kwa miguu Bagamoyo mpaka Ujiji, wapagazi wengi wao Wanyamwezi, pembe begani, na miembe ikaota kwenye vituo, Kwihara pale nje ya Tabora, Ujiji kwenu, ile mistari ya miti mikubwa ambayo kivuli chake mmeanikia dagaa na kufanyia harusi. Njia hiyo imo kwenye orodha ya kusubiri ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2006 na miembe imetajwa humo. Na watu walipitishwa wamefungwa, hilo ni kweli na lisifichwe, halihitaji kamusi ya Kilatini ili liwe kweli. Ila waliopanda kokwa zile hawakusema mango. Wala waliopita chini yake. Walisema embe. Stanley alipomkuta Livingstone Ujiji mwaka 1871 mwembe ulishakuwa mwembe, na ile miwili inayosimama leo kwenye makumbusho yake, inayosemekana imetokana na ule mti wa zamani, mlinzi akikuonyesha anakwambia hii ndo miembe yenyewe. Huwezi kupanda mti kwa sababu ya maana ya jina ambalo hulijui.

Kitu kimoja ukafanye, dada. Nenda siku moja Kibirizi zikitia nanga boti za Congo. Waliozoea Kiswahili watakwambia embe, na ukivuka mpaka kwa Warundi ni umwembe, hilo letu limewafikia. Alafu mtafute anayeongea Kilingala, mwonyeshe tunda, atakwambia mangolo. Hilo ni lile la Malabar, lilizunguka upande wa bahari ya magharibi. Majina mawili ya India, moja limezunguka bara huku na jingine kule, yanakuja kukutana kwenye mchanga wa Ziwa Tanganyika mbele ya meza yako.

Na kijana wa chuo msimfukuze, anapenda maneno, hilo ni jema. Mwambieni tu kwenye kamusi asisome mstari wa kwanza akafunga simu, ateremke mpaka panapoandikwa asili ya neno, na akikuta mango mbili zimewekwa tofauti ajue waandishi wamezitenga kwa sababu. Na mzee ale embe lake.

SWALI: Mwalimu habari za kazi. Niko Isevya, Tabora. Mwenzangu ananiambia sukari tumeiga kwa Waingereza wakati wa ukoloni kutoka kwenye sugar. Je, ni sawa, au nayo yamefanana sura tu? – Msomaji wa siku nyingi.

JIBU: Hapana kwa yote mawili ndugu yangu. Haya ni ndugu wa kweli, lakini hakuna aliyemwiga mwenzake, baba yao mmoja. Wote tumechukua kwa Waarabu, sukkar. Sisi tulilipata hapa pwani moja kwa moja, ndo maana letu limebaki karibu na la baba. La Waingereza lilizunguka, Waarabu waliotawala Sicily na Hispania walipanda miwa huko, Waitaliano wakasema zucchero, Wafaransa sucre, mpaka likaishia sugar. Kabla ya Waarabu ni Waajemi, shakar, na kabla yao ni Kisanskriti, sharkara, na maana yake ya zamani ni changarawe, mchanga wa punje kubwa. Chota kijiko cha sukari umwage kwenye karatasi, upapase kwa kidole kabla haijashika unyevu, utaona walipewa haki waliolitunga.

Na usiishie hapo. Sharkara ilishuka pia India ya kusini ikawa chakkara kwa watu wa Malabar, Wareno walewale wa manga wakaibeba wakasema jagara, Waingereza wakasema jaggery. Hiyo ndo sukari guru ya kwetu, ile ya kahawia inayouzwa mabonge. Na guru hapo sio mwalimu wa Kihindi, ni gur, jina la Kihindi la sukari hiyohiyo.